Taa yangu, ukuta wangu: swichi iko mkononi mwa nani?



Kwenye mkutano wetu wa juma lililopita, kamarade mmoja alisimama, akaninyooshea kidole mbele ya watu wote, akasema: «Wenzetu wako wanalala gerezani, vijiji viko vinaungua, na wewe uko unatufundisha kufungua taa za disko!» Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka, juu sikuwa na jibu mdomoni. Nimelala na ile maneno siku sita. Leo jibu liko, na ninaliandika hapa mbele ya wote, sawa vile yeye alivyonisema mbele ya wote.

Wale hatujaonana, munijue kwanza. Niko na lisansi ya informatiki: miaka mitano ya masomo, na sasa miaka miwili ya kutembeza dosie. Nimepiga fotokopi ya diplome mara nyingi mupaka mwenye mashini ananiitaka «Papa Fotokopi». Kwa fakilte tulijifunza kuandika programu kwa bic kwenye karatasi, mwalimu anasahihisha kwa bic nyekundu, na ile programu inakufa palepale, haijaona kompyuta hata siku moja. Niliandika vizuri. Nilipata alama nzuri. Halafu siku moja mama mmoja akanipa taa yake niitengeneze, na nikakuta sijui hata nianzie wapi.

Yule mama ana saluni ya nywele hapa kwetu Butembo, kwenye komini ya Kimemi. Alikuwa amenunua mkanda wa taa za LED, mita 5, dola 28 pamoja na kisanduku chake cha Wi-Fi, ili azungushie kioo kikubwa. Munazijua zile taa: unabonyeza simu, ukuta unakuwa bluu, unabonyeza tena, unakuwa rangi ya waridi. Kwenye karatoni waliandika rangi milioni 16. Kwa miezi minne saluni ilimeremeta, mabibi-arusi walikuwa wanakuja kujipiga picha pale. Halafu usiku mmoja aplikasyo ikajibadilisha yenyewe. Asubuhi ikamuomba afungue konti mupya, ikasema itamtumia namba za kuhakikisha. Namba hazikufika. Akaomba tena, hazikufika. Akaenda kwa muuzaji. Muuzaji akamwambia azime na kuwasha mara tatu haraka-haraka, taa itajirekebisha. Mama akafanya vile, na kisanduku kikasahau kila kitu, kikabaki kinangojea konti: mkanda wote ukaanza kupepesa wekundu, pa-pa-pa, bila kusimama. Wapita njia wakawa wanamuuliza kama amefungua nganda.

Aliporudi tena, muuzaji alisema neno ambalo njo limenifanya niandike hii yote: «Mama, hii ni ya Wi-Fi, haitengenezwaka. Tupa, ununue ingine.»

Sikilizeni vizuri. Taa ilikuwa nzima. Kuran ilikuwepo. Waya hazikukatika. Kilichokosekana ni ruhusa. Mtu fulani, mbali, ambaye mama hamjui na hatamjua, alibadilisha kitu kwenye kompyuta yake, na dola 28 za mama zikageuka takataka inayopepesa ukutani.

Nilimuuliza mama: unajua amri yako inapitia wapi? Alidhani inatoka kwa simu inaingia kwa taa, juu viko mita mbili tu. Hapana. Amri yake ilitoka kwa simu, ikapanda antena ya kampuni ya simu, ikatoka Congo, ikafika kwa seva katika inchi ya kigeni. Seva ikaangalia kama mama ana konti. Ikakubali. Ikarudisha amri njia ileile, mupaka Butembo, mupaka kwenye simu ya pili ya mama, ile ya zamani aliyoiacha saluni kutwa nzima ili itoe Wi-Fi, halafu njo ikaingia kisandukuni. Yote hiyo ili kioo kiwe bluu. Na mega alilipa yeye, kwenda na kurudi, kwa simu zote mbili. Ili nisiwadanganye: kuko aplikasyo zinazoweza kupita njia ya mkato simu na taa zikiwa kwenye Wi-Fi moja. Lakini nyingi ya hizo pia zinaomba kwanza ufungue konti, na mwenye konti si wewe.

Sasa kumbukeni tarehe 31 Desemba 2018. Kesho yake ya uchaguzi walikata intaneti inchi nzima, na hatukuirudishiwa mupaka Januari 2019 imekwisha kupita nusu, karibu siku 20. Kila mtu alilalamika juu ya WhatsApp. Lakini wazieni taa, mlango, kamera ya boma, pompi ya maji, vyote vinangojea ruhusa ya seva ya nje, na mtu mmoja Kinshasa anasaini karatasi ya kukata. Serikali yetu haihitaji hata kujua kama taa yako iko. Inakata tu, na inakuzimia bila kukusudia.

Na msidhani ni sisi masikini peke yetu. Marekani walikuwa wanauza kisanduku kinaitwa Revolv, cha kuongoza taa na milango ya nyumba, karibu dola 300. Kampuni ilinunuliwa na Nest ya Google mwaka 2014, na mwezi wa tano 2016 wakazima seva. Visanduku vyote vikafa siku moja. Watu walikuwa wamelipa, hawakuvunja kitu, hawakukosa. Mwezi wa nne 2022 ikawa zamu ya wateja wa Insteon: waliamka seva zimezimwa, hakuna aliyewaambia. Kama mzungu mwenye dola 300 na mwanasheria wake alifanyiwa vile, mama wa saluni wa Kimemi atamshtaki nani, na wapi?

Basi nikafungua. Na hapa nitakaa kidogo, juu nataka na nyinyi mufungue.

Kisanduku chenyewe kinatoshana na kiberiti. Upande mmoja kinapokea volti 12 kutoka kwa adapta, upande wa pili kunatoka waya nne kwenda kwa mkanda: moja ya volti 12, na tatu za rangi, wekundu, kijani, bluu. Hakina visi, kimeshikwa kwa meno ya plastiki. Nilikifungua kwa kadi yangu ya kura ya 2017. Ile kadi haikunifungulia kitu Desemba 2018, juu sisi wa Butembo na Beni walituahirishia kura mupaka Machi, wakati raisi alikuwa amekwisha kuapa tangu Januari. Walau kisanduku ilikifungua.

Ndani niliogopa. Nilidhani nitakuta mambo ya NASA. Kumbe ni kidogo sana. Kuko kipande kimoja kinachoshusha volti 12 mupaka 3,3. Kuko transista tatu, kila moja na miguu mitatu: hizo ni milango, moja kwa kila rangi, zinafungua na kufunga kuran mara mamia kwa sekunde. Ukitaka wekundu hafifu, mlango unakaa wazi muda mfupi na kufungwa muda mrefu. Jicho halioni kupepesa, linaona mwanga mdogo. Na zile rangi milioni 16 ni hesabu ya darasa la msingi: kila rangi ina ngazi 256, kuanzia sifuri mupaka 255; zidisha 256 mara 256 mara 256, unapata 16 777 216. Basi. Hakuna uchawi mwingine.

Na katikati, kwenye ubao mudogo wenye antena iliyochorwa sawa nyoka, kuko chipu. Hii ya mama ilikuwa ESP8266 ya kampuni Espressif ya Shanghai, chipu iliyotokea mwaka 2014 na ambayo vijana wa dunia nzima wanaijua. Nilipoisoma jina, nilikaa chini. Ile ni kompyuta, wandugu. Ndogo, lakini kompyuta kamili: inahesabu, inakumbuka, inaongea Wi-Fi. Miaka mitano nilingojea fakilte inipe kompyuta ya kuandikia programu, na kompyuta ilikuwa inapepesa ukutani mwa saluni.

Sasa namna ya kuibadilisha. Unahitaji adapta ndogo ya USB inayoongea na chipu kwa waya nne: moja ya kutuma, moja ya kupokea, moja ya volti 3,3, moja ya hasi. Kuko mguu wa chipu unaitwa GPIO0. Ukiushikisha kwenye hasi wakati wa kuwasha, chipu haianzi programu yake ya kawaida. Inanyamaza na kusikiliza waya, inangojea kuandikwa upya. Hiyo si tundu la wezi. Waliotengeneza chipu waliiweka wenyewe, juu hata wao kiwandani wanahitaji kuiandika.

Nilivyosema 3,3, nilimaanisha 3,3. Kisanduku changu cha kwanza hakikuwa cha mama, nashukuru Mungu. Nilikinunua dola 4 kwa mtu, kwa pesa ambayo yaya wangu alinipa ya kutuma dosie Goma. Nikaacha kidude cha adapta kwenye volti 5. Niligusa chipu kwa kidole ili kuona kama inafanya kazi. Inafanya! Alama iko kidoleni mupaka leo. Dosie ya Goma haikuenda, chipu ilikufa, na papa alikaa siku mbili hasemi na mimi. Siku ya tatu aliniuliza kama lisansi ina masomo ya kuunguza.

Ya mama ilienda vizuri zaidi. Kabla ya kufuta, nilichukua nakala ya kumbukumbu yote ya chipu na kuiweka kwa kompyuta. Fanyeni vile kila mara: kitu cha mtu hakifutwi bila nakala. Halafu kwa udadisi nikatafuta maneno yanayosomeka ndani ya ile nakala. Nikakuta jina la Wi-Fi ya mama. Na karibu yake, neno lake la siri, limeandikwa wazi kabisa, herufi kwa herufi, sawa jina kwenye daftari. Nilimpigia simu saa ileile alibadilishe, juu njo neno alilotumia kwa vitu vingine vyote. Januari 2019 mtafiti mmoja alikwisha kuonyesha jambo hilihili kwa taa za LIFX: alitoa chipu kwenye balbu, akakuta neno la siri la Wi-Fi liko wazi ndani. Kwa hiyo yule muuzaji aliyesema «tupa», alikuwa anamwambia mama atupe ufunguo wa nyumba kwenye jalala, pale ambapo watoto wanaokota plastiki na waya za kuuza.

Nilifuta, nikaandika programu inaitwa WLED. Aliyeianza ni Christian Schwinne, na leo watu wengi wanaichangia. Ni ya bure, maandishi yake yote yako wazi, unaweza kuyasoma na kuyageuza. Kisanduku kikiwashwa, kinatoa Wi-Fi yake chenyewe. Unakishika kwa simu yoyote, unafungua ukurasa, unachagua rangi. Bila konti. Bila mega. Bila seva. Amri inatoka kwa simu inaingia kwa taa, mita mbili, sawa vile mama alivyodhani tangu mwanzo. Mama alikuwa sahihi. Taa njo ilikuwa imekosea.

Niliteseka usiku mzima kutafuta ni mguu gani wa chipu unaamuru mlango gani, juu karatasi yake haiko. Nilifuata kila njia ya shaba kwa multimeta mupaka saa nane ya usiku. Na bado nilichanganya. Mama alibonyeza wekundu, kioo kikawa kijani. Alicheka, akasema: «Mwana yangu, hata kama ni kijani, ni mimi nimeiwasha.» Nilisahihisha, alinipa dola 5, na akamsuka dada yangu bure.

Sasa kamarade wangu wa taa za disko, njo napokujia wewe.

Ule mkanda unakula volti 12. Batri ya pikipiki ni volti 12. Batri kubwa ya sola iliyo chini ya kitanda kwa majirani wetu wengi ni volti 12. Maana yake mkanda wa disko unashika moja kwa moja kwenye batri, bila mashini ya kugeuza kuran, na unakuwa taa ya nyumba. Mita 5 zenye taa 60 kwa kila mita, zikiwaka nyeupe kwa nguvu yote, zinakula mupaka wati 72. Batri ya ampea-saa 100, ukitumia nusu yake tu ili isiharibike, inabeba wati-saa 600: utapata mwanga saa nane na kidogo. Sasa shusha mwanga mupaka robo: saa 33. Na macho hayataona robo, yataona karibu nusu, juu macho ya mtu hayahesabu sawa kompyuta. Programu ya asili haijui kama kuko batri. Ilitungwa kwa mtu ambaye kuran haimkatikiwi. Ukishika programu wewe mwenyewe, unaiambia: saa tatu ya usiku shuka mupaka robo, saa tano shuka mupaka sehemu ya kumi. Na ESP8266 ina mguu mmoja unaoweza kupima volti, ukiushusha kwanza kwa rezistansi mbili, juu hauvumilii zaidi ya volti 1. Kwa hiyo kisanduku kinaweza kujua batri imechoka na kupunguza mwanga chenyewe kabla batri haijafa. Batri ya familia ni mbuzi wawili au zaidi. Mtoto anayesoma eksamen ya Serikali usiku wa delestaje, uko tayari kumwambia hii ni disko?

Nilivyomwonyesha jirani, aliniuliza kwa nini kiwanda hakikufanya vile. Swali zuri. Juu kiwanda hakimfikirii. Atakayemfikiria ni mtu wa hapa, kama tu anaruhusiwa kufungua.

Na hapa mashujaa wa mikutano wanakuja. Kila wakati kiongozi akishika mikro: «Vijana, musingojee kazi, jiajirini!» Vizuri. Adapta ile ya USB, ambayo ni kitu cha dola chache, haikuwepo Butembo nzima. Mji wenye wafanyabiashara wanaoshusha kontena kutoka Guangzhou na Dubai, kupitia Mombasa na Kasindi, una visanduku elfu vya kutupa na hauna adapta moja ya kuvitengeneza. Nilingojea juma tatu, mupaka mama mmoja wa biashara aliyekuwa anaenda Kampala akaniletea kwenye mkoba wake, katikati ya nguo. Kujiajiri nako kunahitaji turnevisi. Sijasikia hotuba hata moja juu ya turnevisi.

Ufaransa, tangu Januari 2021, muuzaji wa kompyuta ya kubebeka analazimishwa kuandika mbele ya mteja alama juu ya 10: hii kitu inatengenezeka kiasi gani. Sisi tunaotumia lugha yao kuandika sheria zetu, hiyo karatasi hatukuiona. Kwetu alama inatolewa na muuzaji kwa mdomo, na ni moja tu: tupa.

Kuko wenye kuniambia tena: «Lakini hiyo ni wizi, programu ni ya kampuni.» Sikuiba programu yao. Niliitoa. Mama alilipa dola 28 na akapewa kisanduku mkononi, kama si chake, basi ilikuwa kodi, na walipaswa kuandika kwenye karatoni: «Unapanga, si kununua.» Na wenyewe wanajua iko vita. Mwisho wa Desemba 2018, siku chache kabla ya sisi kukatiwa intaneti, mtafiti Michael Steigerwald alisimama Leipzig, Ujerumani, akaonyesha namna ya kuandika upya visanduku vya aina hii kwa njia ya Wi-Fi tu, bila hata kuvifungua. Januari 2019 gazeti c't likaitoa njia ile kwa watu wote. Watengenezaji walifanya nini? Waliziba tundu. Baadaye pia aina nyingi za visanduku zikaanza kuja na chipu nyingine, kama BK7231 ya Beken; vijana wengine wakatunga OpenBeken, programu ya chipu hizo. Sitawaficha kwamba kuko visanduku nilivyoshindwa. Vitatu viko kwenye dirisha langu, vimefungwa kabisa, na kila asubuhi vinanitazama.

Neno moja juu ya madini, juu najua litaulizwa. Kwetu kila kitu cha elektroniki kinaulizwa coltan yake. Niliitafuta kwenye kisanduku cha mama na sikuiona: vikondensa vyake ni vya kauri, si vya tantali. Tusiwe watu wa kuimba coltan kila fasi mupaka neno likose maana. Lakini eteni iko. Kila kiungo kwenye ule ubao kimeshikwa kwa eteni. Ile ya kisasa isiyo na risasi, asilimia 96 na zaidi ni eteni tupu. Na eteni inatoka kwenye kasiterite, na kasiterite iko Bisie, Walikale, katika jimbo letu hilihili. Siwezi kuapa kwamba eteni ya saluni ilitoka kule. Ikishayeyushwa haina kitambulisho. Ninaloweza kuapa ni hili: jimbo linalochimba eteni, mimi mwenye lisansi yake nilishika eteni ya kusude kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka 25, na ilikuwa kipande cha sentimita thelathini nilichoomba kwa fundi wa simu.

Yule fundi, nimtaje walau kwa kazi yake, hakumaliza hata sekondari. Anakaa chini ya mwamvuli karibu na soko, na njo amenifundisha kushika chuma cha kusude, kusafisha ncha, kungojea eteni ing'ae kabla ya kutoa mkono. Mimi nilimfundisha kusoma maandishi ya chipu na kuandika programu. Tumegawana hivyo. Fakilte ilikuwa na watu wa namna yake mita mia tano kutoka mlangoni, na miaka mitano yote haikumwita hata siku moja aje kutuonyesha mikono yake. Walimu wangu wengine watasoma hii. Hamkutufundisha vibaya, wazee wetu. Mulitufundisha nusu, mukatupa diplome nzima.

Kwa hiyo nauliza vitu ambavyo havihitaji bajeti ya Kinshasa. Muuzaji, kabla ya kupokea pesa ya mama, aseme wazi: hii taa bila intaneti inawaka au haiwaki? Nyinyi wanunuzi, muulize, na kama hajui musilipe. Fakilte inunue adapta ishirini. Ni bei ndogo kuliko karamu moja ya kumpokea mgeni. Na sisi wa mwendo huu, tuache aibu ya kuinama juu ya vitu vidogo. Tunapiga kelele, na ni haki, kwamba inchi yetu inaamuriwa kutoka mbali. Lakini jioni tunarudi nyumbani na kuomba ruhusa ya mbali ili kuwasha taa, na hatulioni.

Siku ya posho, saa tatu ya asubuhi, fasi yetu ya kawaida. Leteni kisanduku chochote cha LED kilichokufa au kinachopepesa, cha volti 12 au 5 tu. Kinachoshika moja kwa moja kwenye 220 kibaki nyumbani: hicho hakichomi kidole, kinaua, na sitaki kuzika mtu juu ya somo. Wadada, musingojee kualikwa. Mwenye mikono mitulivu kuliko wote mupaka sasa ni msichana wa mwaka wa tano wa sekondari, na mimi njo ninamshikia tochi. Fundi atakuwepo, amekubali kufunga mwamvuli wake kwa asubuhi moja, kwa hiyo kila mtu alete faranga 1000 za kumlipa siku yake.

Na wewe kamarade wa taa za disko, uje na ile tochi ya sola iliyokufa kwenye dirisha lako. Nimeiona. Uje mapema tu, juu adapta iko moja, na tutaenda kwa zamu.